Mayai Hayasikii Dawa: Kusafisha Mimea na Furu wa Ziwani Kabla ya Kuwaingiza Tangini

Anayefuga samaki wa mapambo Mwanza ana bahati ambayo mwenzake wa Dodoma hana. Ziwa liko mlangoni, mawe yamejaa kila kona, mimea inaota yenyewe pembezoni mwa mafunjo, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani wa rangi zote, wanaishi kwenye miamba ya visiwani. Huhitaji kuagiza kitu kwa ndege. Lakini mmea ulionunuliwa dukani hukuletea konokono wa kero tu, ilhali uliong'olewa ufukweni unaweza kukuletea konokono mwenye kichocho. Pamoja naye watakuja ruba, haidra, minyoo bapa, chawa wa samaki, na watoto wa kereng'ende ambao ndani ya mwezi mmoja wanaweza kumaliza vifaranga wote wa furu.

Watu wengi huchovya mmea kwenye dawa, wakaona wadudu wameanguka chini ya ndoo, wakaridhika na kuupanda siku hiyo hiyo. Baada ya siku kumi tangi linaanza kujaa konokono wadogo wa ukubwa wa kichwa cha pini, na mwenye tangi anailaumu dawa. Dawa haina kosa. Iliua waliokuwa hai na ikaacha mayai. Wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya maji chumvi wanasumbuliwa na jambo hilo hilo: minyoo bapa wa matumbawe hudondoka kwenye dawa ya kuchovya, mayai yao yakabaki yameganda kwenye tumbawe yakisubiri siku zao. Kwa hiyo kazi inayoelezwa hapa ni ya kalenda zaidi kuliko ya dawa. Unaua walio hai, unasubiri mayai yaanguliwe, kisha unaua tena kabla watoto hawajakomaa na kutaga.

Tuanze na konokono, maana huyu ndiye mwenye uzito.

Konokono wa kuogopa ni yule bapa aliyejiviringisha kama sarafu, asiye na kifuniko mlangoni mwa gamba, mwenye upana wa milimita chache hadi 15 hivi. Kwa kitaalamu anaitwa Biomphalaria, naye ndiye anayebeba kichocho cha tumbo katika Ziwa Victoria. Yuko pia Bulinus, mwenye gamba refu kidogo. Ukilishika gamba ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama, mlango wake utauona upande wa kushoto. Huyu hubeba kichocho cha mkojo, ambacho huku Kanda ya Ziwa huambukizwa zaidi kwenye malambo na madimbwi ya bara kuliko ziwani penyewe. Konokono mrefu mwembamba mwenye ncha kali anayejifukia mchangani ni Melanoides. Huyo si wa kichocho cha aina hizi mbili, ila anazaa badala ya kutaga na ana kifuniko kigumu cha kujifungia, kwa hiyo dawa nyingi zinampita hivi hivi.

Konokono aliyeambukizwa hutoa vijidudu vya kichocho majini kwa wiki na hata miezi, hasa jua linapokuwa juu, na taa ya akwariamu inaweza kumchochea vilevile. Vijidudu hivyo hupenya ngozi ya mkono ndani ya dakika chache. Habari njema ni mbili. Kwanza, nje ya konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi. Pili, konokono anayezaliwa tangini mwako huzaliwa safi, kwa sababu mama hamwambukizi mtoto. Ili aambukizwe lazima kinyesi au mkojo wa mtu wenye mayai ya kichocho uingie kwenye maji yale. Hatari yote, basi, iko kwa konokono wakubwa waliotoka ziwani. Usihangaike kumpima konokono kwa kumweka kwenye glasi juani na kutazama kwa lenzi. Konokono aliyeingiwa na ugonjwa huanza kutoa vijidudu baada ya wiki nne au tano, kwa hiyo anayeonekana safi leo anaweza kuanza mwezi ujao. Aliyetoka ziwani anauawa, basi.

Kwa sababu hiyo, glavu ndefu za mpira zinazofika kwenye kiwiko ni kifaa cha kwanza, kabla ya ndoo na kabla ya dawa yoyote. Ukilowa mikono au miguu, jikaushe mara moja kwa kusugua na taulo. Na ikiwa umekwisha kushika maji ya ziwa mikono mitupu, kipimo cha choo kwa kawaida hakionyeshi kitu kabla ya wiki sita hivi, kwa sababu minyoo lazima ikue kwanza ndipo itage. Nenda kituo cha afya baada ya muda huo, usiende kesho yake ukarudi na matumaini ya uongo.

Maji ya kazi hii yote yasiwe maji mabichi ya ziwa. Tumia ya bomba, uyaache kwenye ndoo wazi yenye jiwe la hewa (lile la kutoa mapovu) kwa saa 24 ili klorini itoke. Kama bomba halitoi na huna budi kuchota ziwani, yachuje kwa kitambaa kizito, kisha yakae kwenye dumu au pipa lenye kifuniko, lisilo na konokono hata mmoja, kwa saa 48 kamili ndipo uyaguse.

Sasa mmea wenyewe. Nusu ya kazi inafanyika ufukweni, na haigharimu hata senti. Chukua machipukizi mapya na ncha changa tu. Mashina ya zamani yenye tope, majani yaliyooza na mizizi mizito yaache huko huko, maana ndiko mayai yaliko. Mayai ya Biomphalaria ni kijipande bapa cha utelezi, rangi ya manjano hafifu, urefu wa nusu sentimita hadi moja, na ndani utaona vidoti kumi, ishirini au zaidi. Hukaa upande wa chini wa jani. Ukiwa na valisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe, au yungiyungi, pitisha kidole kwenye kila jani kwa chini: utelezi ulioganda unausikia kabla hujauona. Jani lenye mayai kata utupe, usijaribu kulikwangua. Mmea utaota jani jingine. Gugumaji usiliguse kabisa. Mizizi yake ni nyumba ya konokono wa kila aina, na hakuna namna ya maana ya kuisafisha.

Ukifika nyumbani, mmea uoshe kwenye beseni tatu mfululizo, ukiutikisa kwa nguvu ndani ya maji. Utashangaa dawa itabakiwa na kazi ndogo kiasi gani. Uchafu ni adui wa dawa pia, hasa pamanganeti nitakayoieleza hapa chini, ambayo huishia kuunguza tope badala ya mdudu.

Dawa ninayoitegemea kwa mimea mingi ya ziwani ni shabu, lile jiwe jeupe la kutulizia maji machafu. Lisage liwe unga, upime kwa mizani ndogo gramu 40 kwa ndoo ya lita 10, yaani gramu 4 kwa lita. Koroga mpaka iyeyuke yote, zamisha mmea, weka kisahani juu usielee. Saa tatu zinaua konokono wachanga na kuwalegeza wakubwa. Saa 24 zinagusa hata mayai mengi, ingawa si yote. Mimea laini kama seratofilamu inavumilia siku nzima bila shida kubwa, ikipoteza majani machache. Baada ya hapo suuza kwa maji matatu, maana shabu ikibaki inashusha pH, na furu hapendi maji machachu.

Pamanganeti ya potasiamu, ile chembechembe ya zambarau inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, ni nzuri kwa ruba, minyoo bapa wadogo, vimelea vya samaki na mwani. Haifanyi kitu kwa mayai ya konokono. Tatizo lake ni kipimo. Watu hutia "punje kidogo" kwa macho, na mmea unaungua. Tengeneza maji ya akiba: gramu 1 kwenye lita 1 ya maji safi, chupa isiyopitisha mwanga. Kisha mililita 100 za akiba hiyo kwenye lita 10 hukupa miligramu 10 kwa lita, rangi ya waridi iliyokolea. Dakika 10 kwa mmea laini, 15 kwa mgumu. Maji yakigeuka kahawia kabla ya muda kwisha, dawa imekwisha nguvu kwa sababu mmea ulikuwa mchafu. Rudi kwenye beseni, anza upya. Ukimaliza, tia mmea kwenye lita 5 za maji yenye kidonge kimoja cha vitamini C cha gramu 1. Rangi itapotea mbele ya macho yako, nayo ni dalili kwamba dawa imezimwa.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ndiyo kali kuliko zote, na ndiyo inayoua mimea mingi mikononi mwa wasio na saa. Chupa nyingi zinazouzwa huku zina klorini asilimia 3.5, soma lebo. Kwa nguvu hiyo, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 12 za maji, dakika moja na nusu, isizidi mbili. Mizizi iache juu ya maji kama inawezekana. Halafu suuza na uzime kwa vitamini C kama hapo juu. Inafaa kwa mmea gani? Kwa mmea mgumu wenye jani nene na ngozi ya kung'aa. Seratofilamu na moss wa majini vitayeyuka. Valisneria nayo hubaki uji kesho yake. Na kamwe usichanganye klorini na siki, au na dawa nyingine yoyote ya usafi: gesi inayotoka huumiza mapafu.

Kwa valisneria kuna njia ya upole ambayo wengi hawaijui: maji ya gesi ya chupa, yasiyo na sukari wala ladha. Zamisha mmea kwenye chombo chenye kifuniko, kijae mpaka juu, ukiweke gizani saa 12. Kaboni dayoksaidi huwakosesha hewa wanyama wote waliomo, konokono, haidra na watoto wa kereng'ende, huku mmea ukistahimili. Giza ni la lazima, kwa sababu mwangani mmea utaanza kutengeneza oksijeni na kuwaokoa uliotaka kuwaua. Kwa fungu kubwa njia hii ni ghali. Kwa mashina matano sita, hakuna bora zaidi.

Salfeti ya shaba naitaja ili niikatae. Ni kweli inaua konokono kwa kiasi kidogo sana. Lakini maji ya ziwa letu yana alkalini ndogo, na kadiri alkalini inavyopungua ndivyo shaba inavyozidi kuwa sumu kwa samaki. Dawa za kuulia konokono zinazotumika kwenye kampeni za kichocho nazo ni hivyo hivyo: niklosamidi huondoka na konokono pamoja na samaki wako wote.

Baada ya kuchovya, mmea hauendi kwenye tangi la samaki. Unakwenda karantini: ndoo nyeupe au tangi la kioo tupu, bila mchanga, bila samaki, taa saa 8 kwa siku, joto la kawaida la nyumba. Weupe wa ndoo una faida yake, kwani unaona kila kinachotembea. Kwa nyuzi 25 hivi, mayai ya Biomphalaria huanguliwa ndani ya wiki moja hivi. Kwa hiyo siku ya 10 hadi ya 12 rudia dawa ile ile. Waliototolewa bado ni laini, wanakufa upesi, na zimebaki wiki kadhaa kabla hawajaweza kutaga. Ukichelewa ukafika wiki ya sita, unaanza tena mwanzo. Na usijifariji kwamba amebaki mmoja tu. Biomphalaria ana jinsia zote mbili na anaweza kujipandikiza mwenyewe. Huyo mmoja anatosha kuanzisha ukoo.

Karantini ya mimea ni wiki nne. Wiki mbili zingetosha kwa konokono, zinazobaki ni za kereng'ende. Jike la kereng'ende wengi wadogo huchoma shina la mmea na kuficha yai ndani ya nyama yake, mahali ambapo shabu haifiki, wala pamanganeti. Katika joto letu mtoto hutoka baada ya wiki mbili tatu, mwembamba, rangi ya tope, na ukimwona ana milimita nne usimdharau. Kila siku ya tatu pitisha kinyavu kwenye ndoo na utikise mimea. Anayetoka, mtoe.

Haidra wakionekana, wale nyuzi fupi zenye mikono iliyotandazwa kwenye kioo, fenbendazoli ya maji ya asilimia 10 inayotumika kwa mifugo inawamaliza pamoja na minyoo bapa. Kipimo ni mililita 0.6 kwa lita 100, upime kwa bomba la sindano dogo. Rudia baada ya siku tatu.

Kwa furu hesabu ni nyingine, ingawa fikra ni ile ile. Hapa kuna neno la kutangulia. Furu wa Ghuba ya Mwanza walipungua vibaya sangara alipojaa ziwani miaka ya 1980, na spishi nyingi zilitoweka kabla hazijapewa hata jina. Wa kwenye miamba walisalimika zaidi, akiwamo Pundamilia nyererei, yule dume mwekundu mwenye mistari anayepatikana kwenye visiwa kama Makobe, aliyepewa jina la Mwalimu. Chukua wachache, kwa kibali cha maafisa uvuvi, wala usinunue kwa mtu wa kokoro.

Tangi la karantini la furu liwe la lita 60 hadi 120, chini patupu, vipande vya bomba la plastiki vya kujificha, na chujio la sponji ambalo limekaa kwenye tangi kuu angalau wiki tatu ili liwe na bakteria. Chujio jipya litakuulia samaki kwa amonia, sumu inayotokana na taka za samaki wenyewe, kabla kimelea hakijapata nafasi.

Siku ya kwanza mtazame kila samaki kwa tochi, kwa ubavu. Chawa wa samaki ni kidude cha duara, bapa, cha kijani kilichopauka, milimita 4 hadi 8, kinachoteleza juu ya magamba. Kitoe kwa kibano samaki akiwa kwenye kitambaa kilicholowa. Chumvi peke yake haikiui kwa uhakika. Mnyoo nanga huonekana kama uzi mweupe uliochomoza kwenye jeraha. Mshike karibu kabisa na ngozi, vuta polepole kuelekea mkiani, kisha pakaza iodini ya vidonda. Baada ya hapo bafu la chumvi: gramu 100 za chumvi ya jikoni kwa lita 10, dakika 10, hewa ikipigwa muda wote. Chumvi yenye madini joto haina neno. Samaki akipinduka, mtoe hapo hapo hata kama ni dakika ya tatu.

Jike lenye kidevu kilichovimba lisiguswe. Lina mayai au watoto mdomoni, na ukilitia kwenye chumvi litawatema au kuwameza. Liache peke yake wiki tatu, watoto watoke, ndipo ulitibu.

Adui mkubwa wa furu haonekani kwa macho. Ni minyoo ya matamvua, Cichlidogyrus, ambayo karibu kila samaki wa jamii hii wa porini anayo kiasi. Ziwani haimsumbui sana. Kwenye lita 100 inaongezeka, na utamwona samaki anapumua haraka, kifuniko kimoja cha shavu kimefungwa, anajikuna kwenye bomba. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho cha binadamu. Kidonge cha miligramu 600 kwenye lita 120 hutoa miligramu 5 kwa lita. Kisage kabisa, ukiloweke kwenye kijiko cha spiriti safi isiyo na rangi, tikisa, mimina mbele ya mkondo wa chujio. Haiyeyuki vizuri, kwa hiyo usishangae kuona unga chini. Ondoa mkaa kwenye chujio, ongeza hewa maana maji hupata ukungu wa bakteria, acha saa 48, kisha badilisha nusu ya maji. Nunua vidonge dukani. Vile vinavyogawiwa shuleni ni vya watoto, wapewe watoto.

Na hapa tena yai linarudi. Minyoo hii hutaga, na prazikwanteli haipenyi yai lake. Katika nyuzi 25 hadi 27 mayai huanguliwa ndani ya siku chache, hivyo dozi ya pili ni siku ya 7 na ya tatu siku ya 14. Anayetoa dozi moja anapata wiki moja ya amani. Chawa wa samaki naye hutaga kwa mistari kwenye kioo na mabomba, mayai yake yakikaa wiki mbili na zaidi. Kwangua kioo kwa wembe kila baada ya siku tatu na umwagie mabomba maji ya moto. Ukiwa na matangi mawili, wahamishe samaki kila wiki, ukaushe lililobaki juani mpaka likauke kabisa. Watakaoanguliwa bila samaki wa kumng'ang'ania hawadumu.

Mawe ya ziwani ni rahisi. Piga brashi, mwagia maji yanayochemka, acha juani wiki nzima ukiyageuza. Usiyachemshe sufuriani: jiwe lenye maji ndani ya ufa linaweza kupasuka.

Kinachobaki ni taka. Maji ya karantini yamwage kwenye udongo mkavu mbali na mtaro, kamwe si kwenye mfereji unaokwenda mto Mirongo na kurudi ziwani. Konokono usiwaanike ukadhani umewamaliza, kwani wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus hujifungia ndani ya gamba na kustahimili ukavu kwa wiki nyingi. Wamwagie maji yanayochemka, ukiwa bado na glavu mkononi, kisha uwafukie. Glavu nazo zioshwe kwa sabuni na zikauke kabla ya safari nyingine.